Ruta ya Taifa na Nani Apite Kwanza

Sisi watu wa Mbelembele hatupigani. Nalisema hili kifua mbele. Tangu jamhuri yetu ipate bendera hajawahi kuzabwa mtu kofi ndani ya mipaka yake, na anayedai yeye alizabwa aletwe hapa nimzabe jingine. Waziri wetu wa Amani mwenyewe alilitangaza jambo hilo uwanjani, na mwandishi wa habari aliyecheka alisindikizwa nje kwa heshima zote, taya lake akiwa amelishika kwa mikono miwili lisidondoke.

Tulicho nacho ni mila moja tu, nayo inaitwa kupisha. Mdogo humpisha mkubwa. Mlangoni, mezani, kwa kinyozi, hata kwenye choo cha stendi, aliye mkubwa hupita kwanza na mdogo husubiri akitabasamu huku amebana miguu. Raha tupu. Ugumu huja pale wanapokutana wawili ambao haijulikani nani mkubwa. Hapo hapiti mtu. Kwenye harusi ya binamu yangu, baba wakubwa wawili walifika kwenye sinia la pilau kwa wakati mmoja, wote wana mvi, wote wamehiji, wote wana kisukari. Pilau ikapoa, mafuta yakaganda, nzi wakala wakashiba, na wale wazee bado wanaambiana, "Mimi ndiye wa kuanza." "Uanze wewe nani?" Mwisho viti viliruka. Baba mkubwa mmoja alipoteza jicho, mwingine akala. Lakini hawakupigana, nisikilizeni vizuri. Walikuwa wanapimana. Sisi tunaita hivyo, kupimana. Kupigana ni kwa mataifa yasiyo na malezi.

Sasa ni kwenye nchi ya namna hiyo ndipo ilipoletwa ruta.

*

Ilikuwa zawadi kutoka nchi ya mbali yenye huruma na biashara. Boksi jeusi, kubwa kama jeneza la mtoto, lenye antena sita zilizosimama kama miguu ya kaa aliyelala chali, na vitaa vya kijani vinavyokonyeza. Mtandao wote wa Mbelembele, kila simu, kila kompyuta, kila neno la mtu na mchumba wake, ilikuwa lazima upite humo. Ikajengewa Ukumbi wa Ruta, ukatandikwa zulia jekundu, akawekwa askari wa kuzipigia saluti zile taa kila zinapokonyeza. Askari wa zamu ya kwanza alilazwa, bega limechomoka.

Siku ya uzinduzi alihutubia Waziri wa Kutangulia na Kupisha, Mheshimiwa Makeke, mtu mfupi mwenye sauti ndefu.

"Ndugu wananchi! Mtandao tumeupata, lakini mtandao hauna adabu! Nimeambiwa na wataalamu kwamba ndani ya boksi hili ujumbe wa muuza karanga unaweza kupita kabla ya ujumbe wa waziri!"

Umati ukaguna.

"Ndiyo! Mtoto anamsalimia bibi yake kijijini, na salamu hiyo, bila haya, inampiga kikumbo Mtangulizi Mkuu!"

Mama mmoja akazimia. Mtangulizi Mkuu ndiye kiongozi wetu wa nchi. Hajawahi kumpisha mtu, hata wale waliomshinda katika uchaguzi.

"Serikali yenu sikivu haitakubali! Kuanzia leo kila kinachopita humu kitapita kwa cheo chake. Mkubwa atatangulizwa. Mdogo atabanwa!"

"Abanwe!" umati ukaitikia, na kila mmoja akamtazama jirani yake.

Nani wa kupanga foleni hiyo? Wakatafuta mtaalamu, wakanipata mimi, Dadi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na mtaani nilisifika kwa kuiponya ruta ya mjomba wangu kwa kuizima na kuiwasha tena. Nikapewa cheo cha Afisa Mpanga Foleni wa Taifa, meza, feni, na neno la siri la kuingilia ndani ya boksi. Kazi yenyewe, tusidanganyane, ni nyepesi. Ndani ya ruta mna ukurasa. Ukiufungua unaona majina ya wote wanaotumia mtandao, na hapo una mamlaka mawili tu: kumsogeza mtu juu, ili mambo yake yapite kwanza, na kumbana, yaani kumpimia spidi asipate zaidi ya tone. Kidole kimoja, na mtaa mzima unapumua au unakata roho.

Waziri akanisimamia kichwani tukapanga. Juu kabisa Mtangulizi Mkuu, anayependa kutazama mieleka ya ng'ambo tangu chai ya asubuhi. Chini yake wakubwa wa jeshi na mawaziri, halafu wake zao, halafu wasusi wa wake zao. Wananchi tukawabana. Mwisho kabisa, chini hata ya mbwa wa polisi, ambaye alikuwa na akaunti yake na wafuasi wengi, tukaweka hospitali.

"Kwa nini hospitali, Mheshimiwa?" niliuliza.

"Wagonjwa wamezoea kusubiri," akasema.

*

Ruta za wenzetu, ukiziwekea wakubwa wawili walio sawa, zinawagawia nusu kwa nusu na maisha yanaendelea. Waziri Makeke alipoelezwa hivyo nusura apasuke.

"Nusu? Mimi nipite mlangoni bega kwa bega na mtu, kama mbuzi wanaorudi zizini? Weka hivi: wakikutana walio sawa, asipite yeyote mpaka ajulikane mkubwa!"

Nikaweka. Mimi ni nani?

Haukupita muda, Waziri Makeke na Jenerali Tindo, mkuu wa jeshi letu, wakakutana ndani ya boksi. Waziri alikuwa anatuma picha za sherehe yake ya kuzaliwa. Jenerali alikuwa anashusha ramani ya nchi jirani, kwa ajili ya urafiki. Wote wawili cheo chao kwenye ruta kilikuwa kimoja. Ruta ikasimama. Taa zikageuka nyekundu. Nchi nzima ikaganda, benki zikaganda, shule zikaganda, na wachumba kote nchini wakabaki na neno "naku" kwenye vioo vya simu zao, wasijue linamalizikia wapi.

Simu ya mezani kwangu ikalia. "Dadi! Nipitishe!" Huyo Waziri. Ikalia tena. "Kijana, nipitishe au nikupitishe!" Huyo Jenerali. Nikawaeleza kwa unyenyekevu kwamba boksi linasubiri kujua mkubwa ni nani. Basi Waziri akamtuma mlinzi wake, Jenerali akamtuma sajenti, wakakutana kwenye zulia jekundu mbele ya ruta, wakapimana. Sajenti alimvunja mlinzi mkono mahali pawili, kisha akamkalia kifuani akamnyonyoa masharubu. Nikamsogeza Jenerali juu. Taa zikarudi kijani. Nchi ikapumua.

Bunge liliona jinsi njia hiyo ilivyo ya haraka kuliko kura, likaipitisha kuwa sheria: anayetaka kutangulia kwenye ruta alete mtu wa kumpimia. Wee! Ukumbi ukageuka machinjio yenye kiyoyozi. Benki ziliajiri mabondia. Kampuni ya bia ikaleta wabeba magunia. Chama cha Walimu, wakitaka matokeo ya mitihani yapite, walimtuma mwalimu wa hesabu. Tulimrudisha kwa baiskeli mbili. Redioni kukaanzishwa kipindi cha utabiri wa spidi, baada tu ya utabiri wa mvua: "Mikoa ya kaskazini itarajie spidi ya kuridhisha, iwapo mwakilishi wao atazinduka. Pwani, mbavu tatu zimevunjika, kwa hiyo mtandao utakuwa wa vipindi." Jioni mfagizi alikusanya meno kwenye ndoo, na wazee wenye mapengo walikuwa wanapita kuchagua.

Mimi nilikaa mezani kwangu na soda yangu, natangaza washindi, nasogeza majina. Sikumgusa mtu.

*

Walioshindwa hawakutaka kubanwa kimyakimya. Wakawa wajanja wa kuchota spidi kwa nyaya na masufuria juu ya mapaa. Ndipo kikaundwa Kikosi cha Kubana, vijana wenye marungu na buti mpya, wapite nyumba kwa nyumba kuhakikisha hakuna raia ambaye picha yake inatembea vizuri. Simu yako ikiwa inazunguka tu ile duara ya kusubiri, walikusifu wakaenda zao. Isipozunguka, walizunguka wao.

Kule Gongoni alikuwapo kijana aitwaye Machano, mwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha mabati, mabenchi na luninga moja ambapo watu hubanana kutazama mpira. Kikosi kilipoingia, penalti ilikuwa inapigwa, na mpira ukatoka mguuni ukaenda hadi wavuni bila kusimama hata mara moja njiani.

Kamanda akatoa macho. "Picha yako haigandi kwa nini?"

"Afande, sijui. Leo imeamka vizuri," alisema Machano.

"Imeamka vizuri? Waziri wa Kilimo tangu asubuhi anaona nusu ya ng'ombe, na ni ile nusu ya nyuma, wewe yako imeamka vizuri?"

"Basi nazima, afande, mpira wenyewe umesha..."

Hakumaliza. Rungu la kwanza lilikwenda kwenye luninga. La pili lilimpata Machano upande wa kushoto, chini ya mbavu, akakaa chini kama mtu aliyeitwa kula. Waliobaki walimalizia kwa buti. Watazamaji walitulia kwenye mabenchi yao muda wote huo, maana ilikuwa haijulikani nani mwenye haki ya kukimbia kwanza.

Akapelekwa hospitali ya wilaya, palepale Gongoni, kwa mkokoteni. Sista Nuriati, muuguzi aliyebaki pale baada ya wengine wote kuhama, alimgusa tumbo, akakuta limekuwa gumu kama ubao. Akamvuta pembeni Bi Kibibi, dada yake Machano, mwenye bucha sokoni, mwanamke wa miraba minne ambaye hutenganisha paja la ng'ombe huku akikuuliza habari za nyumbani.

"Bandama limepasuka," Sista akamwambia. "Damu inajaa tumboni. Afunguliwe kabla ya magharibi, la sivyo hatunaye tena."

"Mfungue basi, shoga. Unangoja nini?"

"Sijawahi kutoa bandama. Yupo Daktari Mshangama, yuko nje, yuko tayari kuniongoza kwa picha. Yeye anaona, mimi nakata. Lakini tazama."

Nisisahau kuwaambieni, wapasuaji wote wa Mbelembele wanaishi nchi za baridi, ambako watu hupita mlangoni bila kupigwa. Kwenye kioo cha simu ya Sista lilikuwa limefika sikio la daktari. Pua ilitarajiwa alasiri.

"Nikipata picha inayotembea, nitamwokoa," Sista akasema. "Bila picha nitakuwa namchinja tu."

"Kuchinja niachie mimi," akasema Bi Kibibi. "Hilo boksi liko wapi?"

*

Aliingia Ukumbi wa Ruta na aproni yake ya bucha, simu kaibana kati ya bega na sikio, Sista yuko upande wa pili kwa simu ya sauti tu, isiyopita kwenye ruta. Nilisimama kwa heshima.

"Shikamoo, Bi Kibibi."

"Marahaba. We ndiye Dadi wa mzee Tamimu? Weka hospitali ya Gongoni mbele, mwanangu. Mdogo wangu anakufa."

"Pole sana, bibie. Ila huwa haiwekwi hivi hivi. Mpaka upimwe."

"Nipimwe nini?"

"Ukubwa."

Akageuka akawatazama waliojipanga ukutani: bondia wa benki, wabeba magunia wa kampuni ya bia, mlinzi mpya wa Waziri aitwaye Gogo, na yule sajenti wa Jenerali. Wakacheka. Gogo akasema, "Mama, nyama ya supu inauzwa kule nje."

"Wote hawa wako mbele yetu?" akaniuliza.

"Wote."

"Haya. Nianze na yupi?"

Alianza na bondia. Bondia alirusha ngumi, nayo ikafika. Pua ya Bi Kibibi ilivunjika, nilisikia kabisa. Yeye akaudaka ule mkono kabla haujarudi kwa mwenyewe, akaupapasa kama anavyopapasa mguu wa ng'ombe kutafuta kiungo, akakipata. Bondia alitoa ukelele ambao haukuwa kwenye mkataba wake na benki.

"Hospitali juu ya benki!" nikatangaza, na kusogeza jina.

Wabeba magunia wakaja wote kwa pamoja, kinyume cha utaratibu, na niliwaonya. Mmoja alimpasulia Bi Kibibi chupa kichwani. Akamshika huyo akamtupa juu ya wenzake, akang'oa mguu wa kiti, akawashughulikia magotini, goti kwa goti, mpaka hapakuwa na mtu wa kampuni ya bia aliyeweza kusimama hata bila kulewa.

"Hospitali juu ya bia!" Waliojazana madirishani walilia kwa furaha. Tangazo kama hilo lilikuwa halijawahi kusikika nchini kwetu.

"Sista, bado?" Bi Kibibi akauliza kwenye simu, damu inamchirizika kidevuni.

"Pua imefika, na jicho moja. Fanya haraka, shoga yangu. Anabadilika rangi."

Gogo hakucheka tena. Alimkaba koo akamnyanyua, miguu ikaning'inia. Bi Kibibi akamng'ata sikio, akalitema kwenye zulia, na Gogo alipopeleka mkono kutafuta kilichopungua akamtwanga kichwa cha uso, akaanguka kama jina lake. Waziri Makeke, aliyekuwa amekuja kumshangilia mtu wake, akapiga kelele kwamba masikio hayaruhusiwi. Bi Kibibi akamtia vidole viwili puani, akaondoka naye. Kwa hiyo alipomfikia sajenti alikuwa amemshika waziri mzima kwa mkono mmoja, kama mkoba.

Sajenti alimtazama yule mama, akalitazama sikio kwenye zulia, akapiga simu kambini.

Jenerali akaleta kikosi. Walinzi wa Waziri, kuona jeshi limeingia, nao wakaja na marungu na bunduki zao. Hapo Ukumbi ukaacha kuwa na pande. Risasi zilipigwa darini, halafu chini kidogo, halafu chini zaidi. Askari wa kuzipigia saluti taa aliuawa akiwa bado kanyoosha kiganja kwenye paji la uso. Mfagizi alipoteza kidole, na ndoo. Jenerali Tindo mwenyewe aliingia na kifaru kupitia ukutani, akachomoza hadi kifuani kwenye kifuniko ili atoe hotuba. "Ndugu zangu, jeshi lenu ni jeshi la..." Kiti kikaja, ambacho mpaka leo haijulikani kilitoka kwa nani, kikampata mdomoni, na tulichosikia baada ya hapo ni meno ya dhahabu yakidondoka mojamoja ndani ya chuma. Watu walinyongana kwa nyaya za feni yangu. Watu waliuana kwa fremu ya picha ya Mtangulizi Mkuu, kwa heshima, bila kuvunja kioo. Na katikati ya yote hayo Bi Kibibi alipita kwa magoti, anamburuta waziri kwa pua, mpaka kwenye meza yangu, ambayo mimi nilikuwa chini yake.

"Dadi. Nani amebaki juu yetu?"

"Mtangulizi Mkuu peke yake. Naye hapimwi."

Bi Kibibi akaongeza kidole. "Mheshimiwa Waziri," akasema taratibu, kama anayemuuliza mteja anataka mnofu au mifupa, "sheria inasemaje?"

"Mtangulizi Mkuu," Waziri akasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua, "saa hizi huwa amelala. Mieleka inajitazama yenyewe. Mkubwa aliyelala anaweza kupitwa. Kwa kunyata."

Hivyo ndivyo hospitali ya Gongoni, kwa kunyata, ilivyopanda juu ya nchi nzima. Niliipandisha mwenyewe, kwa kidole hiki. Taa zikabadilika. Na kwenye simu Sista akapaza sauti tukamsikia wote: "Anatembea! Daktari anatembea! Namwona mpaka vifungo vya shati! Naanza!"

Bi Kibibi akapiga magoti kwenye zulia, akaiweka simu kwa sauti kubwa mbele yake, akafumba macho. Risasi ziliendelea, ila zikawa kama zinamkwepa. Mimi nilikuwa nimemaliza kazi yangu. Nilikaa tu nikishuhudia historia ya nchi yangu.

Kwa muda mambo yalikwenda. Tulimsikia daktari huko kwenye baridi: "Kata hapo. Vizuri. Ingiza mkono, usiogope damu. Umelipata? Sasa bana kwa vidole, usiachie. Nitakuonyesha mshipa wa kufunga, ni ule..."

Sauti ikakatika.

"Upi, daktari?" Sista akauliza. "Wa juu au wa chini? Daktari? Bi Kibibi, ameganda! Ameganda mdomo wazi! Nifunge upi?"

"Dadi!" Bi Kibibi akaita, macho bado kafumba. "Dadi, mwanangu, nini tena?"

Nikamwambia, na ninyi nawaambia, kwamba sikuelewa. Hospitali ilikuwa juu, palepale nilipoiweka. Pengine ni risasi. Pengine ni antena, maana moja kweli ilikuwa imepinda. Pengine Mtangulizi Mkuu aligeuka usingizini akabonyeza kitu. Nilifanya kila linalowezekana kitaalamu. Nilipuliza vumbi kwenye nyaya. Sista alimwita daktari, akamwita tena, kisha akaacha kumwita daktari akaanza kumwita Machano. Kisha hakuita mtu.

*

Serikali ikaunda Tume ya Uchunguzi. Kikao kilichelewa kuanza kwa kuwa wajumbe walikuwa wanapimana nani akae karibu na mwenyekiti, lakini waliobaki wazima walitosha. Nilitoa ushahidi wangu kwa suti ya kuazima.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hospitali ilikuwa ya kwanza tangu nilipoipandisha hadi mwisho. Juu yake hapakuwa na kiumbe."

"Kwa hiyo kosa ni la nani?"

"La antena, Mheshimiwa. Ile iliyopinda."

Antena ikaletwa chini ya ulinzi, pingu zikiwa zinateleza. Ikasomewa mashtaka, ikakaa kimya, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa imekiri. Ikahukumiwa viboko, ikachapwa palepale mbele ya taifa mpaka mchapaji akavua shati, na wananchi wakapiga makofi kwa kuwa haki imetendeka. Mwenyekiti akasema kijana Dadi, aliyebaki mezani kwake wakati majenerali wanapoteza meno, anastahili nishani. Bi Kibibi alikuwa mstari wa mbele, bandeji puani. Aliniinamishia kichwa kunishukuru.

Mimi ningependa hadithi iishie hapo. Ni mahali pazuri. Lakini Sista Nuriati, ambaye hakuna aliyemwalika, akasimama.

"Mwenyekiti, nina neno na huyu kijana."

"Sista, ushahidi umefungwa."

"Sitachelewa." Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Hasira ningejua pa kuipeleka. "Dadi, daktari alipoganda, mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya Machano. Nikamwambia mhudumu akusanye simu zote za wodini, huenda moja ikampata daktari. Akaja nazo. Zote zimeganda. Zote, isipokuwa ya mama wa kitanda cha dirishani. Hiyo nayo haikumpata daktari, ila ilikuwa na picha moja inayotiririka kama maji."

"Pengine ni mkanda wa zamani..." nikaanza.

"Ulikuwa wewe. Uso wako, mubashara. Watu wanauana nyuma yako, Bi Kibibi anaonekana juu ya bega lako kapiga magoti, na wewe umeinua vidole viwili. 'Mashabiki zangu, leo Dadi yuko juu ya nchi nzima! Anayeniona sigandi atume kopa!' Makopa, vile vimoyo vyekundu, yakaanza kupanda kiooni."

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nikasema, "siku hizi picha zinatengenezwa."

Bi Kibibi alikuwa ameinua kichwa.

"Nikamwambia mhudumu akuandikie pale chini," Sista akaendelea. "Akaandika: toka hewani, tuna mtu tumbo wazi. Ikakufikia, Dadi. Uliisoma kwa sauti, wodi nzima ikakusikia unaisoma. Ukacheka. Ukasema, 'Huyu naye wivu unamsumbua, ngoja nimbane.'"

Akaitazama mikono yake.

"Hapo ndipo nilipoitoa."